Dakika kumi na nane ukingoni mwa mto: kuisikiliza Close to the Edge

Wimbo unaanza kwa maji. Mto unatiririka, ndege wanalia, na sauti hiyo inasogea polepole kutoka mbali kwa karibu dakika nzima, hata msikilizaji akajiweka tayari kwa jambo la utulivu. Halafu, bila hodi, gitaa, besi, dramsi na kinanda vinamwangukia kwa pamoja. Kila kimoja kinakimbilia upande wake, kama watu wanne wanaobishana chumba kimoja na hakuna anayemngoja mwenzake amalize. Mara waimbaji wanaikata vurugu hiyo kwa "aa" moja ya pamoja, kimya kinapita kwa kupepesa jicho, na vurugu inarudi palepale ilipokatwa.

Wengi huishia hapo. Mara ya kwanza nilizima kabla dakika ya tatu haijatimia, nikiamini kwamba wanamuziki hawa walikuwa wakipigiana muziki wao kwa wao. Nilirudi miezi kadhaa baadaye, usiku, nikiwa na hedifoni masikioni na sina haraka ya kwenda popote, nikafika mwisho. Nilipofika mwisho ndipo nikauelewa mwanzo. Makala haya nawaandikia waliozima kama nilivyozima.

Albamu yenyewe ni Close to the Edge ya bendi ya Uingereza iitwayo Yes, iliyotoka Septemba 1972. Ina nyimbo tatu tu. Ule uliobeba jina la albamu umechukua upande wote wa kwanza wa santuri, dakika 18 na sekunde 40 hivi. Upande wa pili una "And You and I", dakika 10, na "Siberian Khatru", karibu dakika 9. Zote pamoja hazifiki dakika 38. Wanamuziki ni watano: Jon Anderson mwimbaji, Steve Howe mpiga gitaa, Chris Squire wa besi, Rick Wakeman wa vinanda na Bill Bruford wa dramsi. Kwenye mitambo alikaa Eddy Offord, aliyeizalisha albamu kwa kushirikiana na bendi.

Urefu wa nyimbo hizi una historia, na historia hiyo inaanzia kwenye santuri. Santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hadi nne na ushei kila upande, na wimbo wa redio tunaoujua hadi leo ulikatwa kwa kipimo hicho. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi moja, yenye mifereji myembamba zaidi, na upande mmoja ukaweza kubeba dakika ishirini na zaidi. Hapo pana mvutano ambao kila fundi wa santuri anaujua. Sauti nzito, hasa ya besi, inataka mfereji mpana. Ukirefusha muda, mifereji inabanana na inabidi sauti ipunguzwe nguvu. Dakika kumi na nane na ushei ni urefu ambao upande mmoja unaubeba bila besi kudhoofika.

Kwa miaka mingi wanamuziki wa pop waliufanya upande huo kuwa kikapu: unatia nyimbo tano, sita, unafunga. Waliotumia nafasi yote walikuwa watu wa muziki wa okestra na wa jazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Uingereza waliolelewa na kinanda cha kanisani, santuri za jazi na gitaa la umeme kwa wakati mmoja walianza kuuona upande wa santuri kama shamba moja la kulima kwa mpango mmoja. Muziki wao ukaitwa roki ya progresivu. Mwaka 1971 Pink Floyd walijaza upande mzima kwa "Echoes", na Emerson, Lake & Palmer kwa "Tarkus". Mwaka 1972 Jethro Tull wakatoa santuri yenye wimbo mmoja pande zote mbili. Yes nao walikuwa na sababu ya kuaminiwa na kampuni yao, Atlantic: "Roundabout", wimbo wa dakika nane na nusu kutoka albamu yao ya 1971, Fragile, ulifupishwa ukatolewa kama singo na kufika nafasi ya 13 Marekani. Redio za FM za huko zilikuwa zikipiga nyimbo ndefu bila kuzikata. Kwa hiyo walipoingia studio tena, walikuwa na fedha, muda na watu wa kuwasikiliza.

Msikilizaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa wimbo mrefu. "Mario" ya Franco na TP OK Jazz, ya 1985, inakwenda kama dakika 14, na kumbi za Dar es Salaam na Nairobi zimeicheza hadi tone la mwisho. Wapenzi wa muziki wa dansi wanalijua chemko, pale magitaa yanaposhika mzunguko mmoja na kuukaza mpaka viti vinabaki vitupu. Zamani, singo za Afrika Mashariki zilipokosa nafasi ya kutosha, wimbo uligawanywa: nusu upande mmoja, nusu upande wa pili. Masikio ya safari ndefu tunayo tayari.

Ila urefu wa rumba ni wa mwili. Wimbo ukishasema neno lake unakaa hapo, unatupa nafasi ya kucheza, na uzuri wake ni kutobanduka. Urefu wa Close to the Edge ni wa kumbukumbu, na mfano wa karibu zaidi ninaoupata uko kwenye ushairi wetu. Katika utenzi kila ubeti una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina chao, na kina hicho kinabadilika ubeti hadi ubeti. Kipande cha nne kinashika kina cha bahari, kilekile kuanzia dua ya ufunguzi hadi tamati. Ukimsomea mtu ubeti mmoja tu hawezi kujua kwamba kuna bahari. Msomee beti hamsini, na atakuwa anaingoja kabla hujaitamka. Kina cha bahari kinaumbwa na urefu. Huwezi kukipata kwa ufupi.

Tuufuate wimbo kwa namna hiyo. Una sehemu nne zenye majina, lakini kwa mara za kwanza majina hayakusaidii kitu. Shika mambo matatu tu: vurugu ya mwanzo, mstari wa gitaa unaoimaliza, na maneno mafupi "I get up, I get down", yaani ninainuka, ninashuka.

Vurugu inakwenda hadi karibu na dakika ya tatu. Ndipo Howe anapiga mstari mpana wa gitaa, wenye jua, na wote wanne wanajikuta wamesimama pamoja nyuma yake. Ni kama dirisha limefunguliwa. Kuimba kunaanza mnamo dakika ya nne, kwa maneno yanayokimbia, na kiitikio kinapofika yale maneno ya kuinuka na kushuka yanapita haraka sana. Hata ukiyasikia unayaona kama pambo la mwisho wa mstari. Yaache yapite, lakini ujue yamepita.

Dakika ya sita inaleta sehemu ya pili, na hapa pana jambo ninalolipenda mno. Lahani inayoimbwa ni karibu ileile uliyoisikia muda mfupi uliopita. Kilichobadilika ni ardhi chini yake. Squire na Bruford wamegeuza mwendo, besi inakanyaga mahali ambapo hukutegemea, na wimbo ulioanza kuuzoea unakuwa mgeni tena. Jaribu hivi: imba lahani kwa mdomo uliofumba, huku ukigonga meza kwa kufuata besi. Vidole na mdomo vitakosana. Squire alitumia gitaa la besi la Rickenbacker na kulipiga kwa kipiko, kijibao cha kugongea nyuzi, kwa hiyo sauti yake ina makali na huhitaji kuitafuta, maana inakuja yenyewe juu ya magitaa mengine.

Kisha, dakika ya nane na nusu, dramsi zinanyamaza na mwendo wote unatoweka. Kinachobaki ni vinanda vya mbali na sauti za watu. Waimbaji wa nyuma wanashika maneno yao, Anderson anawajibu kwa maneno mengine, na mistari hiyo miwili inapishana bila kugongana. Na wanachokiimba, wanachokirudia, ndicho kile kipambo: ninainuka, ninashuka. Kitu kilichopita kama kivuli katika sehemu ya kwanza sasa ndicho chumba kizima. Utulivu huu unapanda hadi kinafunguka kinanda kikubwa cha kanisa, na hicho si cha kuigiza. Wakeman, aliyepitia Royal College of Music, alirekodiwa akipiga kinanda cha kanisa la St Giles-without-Cripplegate jijini London, na mkanda ukapelekwa studio kuunganishwa na kazi nyingine. Kwa hedifoni unausikia ukubwa wa jengo lenyewe, ile hewa inayochukua muda kutulia baada ya kila sauti.

Halafu sinthesaiza inakikata kinanda, na vurugu ya mwanzo inarudi.

Sasa angalia moyo wako unavyofanya. Muziki uleule uliotaka kuukimbia dakika ya pili, dakika ya kumi na nne unaupokea kama mtu wa nyumbani aliyerudi. Safari hii kiti cha gitaa amekikalia Wakeman kwa kinanda cha Hammond, lakini unamtambua, unajua atageukia wapi. Ujuzi huo hukuwa nao mwanzo, na hakuna aliyekufundisha isipokuwa dakika kumi na mbili ulizokaa. Ndiyo maana wimbo huu hauwezi kufupishwa. Ukiukata uwe wa dakika sita utabaki na vurugu, lahani na kiitikio, lakini kule kutambua kutakuwa kumekatwa pia. Mwishoni ubeti unarudi, kiitikio kinarudi kwa upana ambao hakikuwa nao, na yale maneno ya kuinuka na kushuka yanaimbwa na kila mtu na kila chombo kwa pamoja. Bahari imefika. Maji na ndege vinabaki peke yake kama mwanzo.

Watu huniuliza maneno yanasema nini. Kiini chake kinajulikana: Anderson alikuwa akikisoma Siddhartha, kitabu cha Hermann Hesse cha 1922. Ndani yake mtoto wa Mbrahmani, yaani kuhani wa Kihindu, anaacha kwao, anajaribu njaa na tafakuri, anajaribu mali na mapenzi, anachoshwa na vyote, na siku moja anafika mtoni akitaka kujizamisha. Hapo hapo ukingoni anausikia mto, anabaki, na anaishi na mvushaji aliyejifunza kwa kuyasikiliza maji. Ukijua hayo tu, ndege na maji ya mwanzo yanapata sababu, na kule kupanda na kushuka pia. Kingereza cha mistari yenyewe ni kigumu hata kwa waliozaliwa nacho, kwa kuwa Anderson mara nyingi huchagua neno kwa mlio wake kabla ya maana. Kwangu huo ni udhaifu mahali pengine, hasa pale mistari inapojaa kuliko lahani inavyohitaji. Lakini naona Kiswahili kinalitendea haki jina la wimbo, yaani "Karibu na Ukingo". Ukingo kwetu ni wa mto na ni wa shimo pia, na neno moja linabeba vyote viwili. Bruford naye amesema jina hilo lilifaa hali ya bendi wakati ule, maana walikuwa karibu kuchokana.

Si ajabu. Wimbo huu haukupigwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Walifanya mazoezi katika shule ya dansi eneo la Shepherd's Bush, kisha wakaingia studio ya Advision na kurekodi kipande baada ya kipande, wakibishana kila kiungo. Vipande viliunganishwa kwa njia ya siku zile: mkanda unakatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa utepe wa gundi. Waliokuwemo wamesimulia kwamba asubuhi moja kipande kilichotakiwa kilikosekana kwa kuwa msafishaji alikuwa amekitupa na taka, ikabidi mapipa yapekuliwe. Ukilijua hilo, ule mwendo unaosikika kama pumzi moja unashangaza zaidi.

Kwa aliyeona upande wa kwanza ni mlima, nashauri aanze na "And You and I". Unafunguliwa na gitaa la nyuzi kumi na mbili, kwanza zikiguswa tu ili zitoe mlio kama kengele ndogo, na wimbo wenyewe ni wa kupendwa siku ya kwanza. Katikati yake pana uvimbe mkubwa wa sauti, kama okestra inayochomoza nyuma ya vilima. Hiyo ni Melotroni, kinanda cha ajabu ambacho kila kibonye chake kinasukuma utepe uliorekodiwa sauti za fidla au za watu. Kila utepe una sekunde nane hivi tu. Ukiisha, sauti imekwisha, na mpigaji lazima aachie na kushika upya. Sikiliza unavyopanda na kushuka kwa mafungu, utasikia pumzi ya mashine yenyewe.

"Siberian Khatru" ni wa miguu. Mzunguko wake mkuu una mapigo kumi na tano badala ya kumi na sita, kwa hiyo kila unapomalizika umewahi kwa pigo moja na kukusukuma mbele. Katikati Wakeman anaingia na hapsikodi, kinanda cha kale cha makasri ya Ulaya, na hakionekani kimepotea njia. Neno Khatru wa Pwani watalisikia lina mlio wa Kiarabu. Anderson aliliimba kwanza kwa kupenda mlio, na baadaye akasema aliambiwa kwamba katika Kiarabu cha Yemen linamaanisha "upendavyo".

Lawama zilizoielekea roki ya aina hii, kwamba ilijaa majivuno, hazikuzushwa hivihivi. Yes wenyewe mwaka 1973 walitoa albamu ya santuri mbili, nyimbo nne, kila mmoja upande mzima. Humo nasikia sehemu ambazo hazina cha kukumbusha. Zimerefuka kwa sababu nafasi ilikuwepo. Wakeman hakuipenda, na 1974 akaondoka. Tofauti ya albamu hizo mbili ndiyo iliyonifundisha kusikiliza: katika Close to the Edge kila kirefu kinalipa deni la kilichotangulia.

Bruford aliondoka mapema zaidi. Albamu ilipokamilika, hata kabla haijafika madukani, alikwenda bendi ya King Crimson. Aliyechukua kiti chake, Alan White, alipewa siku tatu tu za kujifunza nyimbo kabla ya onyesho la kwanza Dallas, Julai 30, 1972. Kwa wanaojua mwendo wa sehemu ya pili, siku tatu hizo ni jambo la kutisha.

Neno la mwisho ni kwa wanaosikiliza kwa simu. Kwenye santuri, ndege na maji vikishafifia, sindano inateleza kuelekea katikati na chumba kinabaki kimya. Lazima uinuke, ushike santuri kwa kingo zake, uigeuze, uishushe sindano tena. Programu za muziki zimelifuta tendo hilo. Wimbo wa pili unaanza huku maji ya wa kwanza bado yako masikioni. Mimi husimamisha kwa kidole, nikanyanyuka, nikanywa maji au nikasimama dirishani, kisha nikarudi. Ndipo zinaanza nyuzi kumi na mbili, na inasikika, ya chini na ya karibu, sauti ikisema "okei".